Sanduku la Hati la Ndabibi

Katika nyanda zilizo magharibi ya ziwa la Naivasha, ambazo Mlima Eburru umezikinga upande wa kaskazini na safu ya Mau ikazifungia upande wa machweo, hapana jambo lililowashughulisha watu kwa muda mrefu kuliko kujua nani ameandikwa, ameandikwa wapi, na nakala ya maandishi hayo imo mikononi mwa nani. Mpita njia atokaye Naivasha mjini, akazunguka ziwa kwa upande wa Kongoni hata akafika Ndabibi, huona mahindi na viazi, ng'ombe wa maziwa, na vumbi jepesi la majivu ya volkano ambalo wakati wa kiangazi huingia kila penye upenyo. Wala haoni masanduku yaliyosukumwa chini ya vitanda, ambamo taarikh ya mahali hapo imewekwa na wenyeji kwa uangalifu mkubwa. Nataka kusimulia habari za masanduku hayo, tangu yalipokuwa ya bati na kufuli hata yakaanza, katika miaka hii ya karibuni, kufuatwa na visanduku vya diski vinavyounganishwa na rauta za nyumbani. Na rai yangu ni kwamba kisanduku cha diski hakikuletwa Ndabibi na tamaa ya vitu vipya, kwa kuwa kimezaliwa na hadhari kongwe ya watu ambao kwa zaidi ya karne moja wameona maandishi yanayowahusu yakiwekwa mbali nao.

Kabla ya karatasi, nchi hii ilihifadhiwa vichwani mwa watu. Wazee wa Kimaasai walijua malisho, maji na njia za mifugo bila ya daftari. Na watu wa misafara waliotoka pwani kwenda kununua pembe walizijua kambi zao moja baada ya moja, siku za mwendo kati ya kambi na kambi, na mahali pa kupata chakula, kama mwanachuoni azijuavyo sura za msahafu. Mmoja wao, Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa upande wa Gazi, alimsimulia mmisionari Thomas Wakefield vituo vya njia za misafara ya bara, na masimulizi hayo yakapigwa chapa London mwaka 1870 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Miaka 13 baadaye msafiri Joseph Thomson alifika Naivasha akiwa na msafara wa watu wa pwani, na sehemu ya safari yake iliandamana na ile ya Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa ameizoea nchi ya Wamaasai kabla ya Thomson kuiona. Elimu ya njia ikatoka kinywani mwa mtu wa Gazi, ikawekwa katika maktaba ya London, na mwenye elimu akarudi nyumbani kwake bila ya karatasi.

Huko pwani, katika zama hizo hizo, watu walikuwa na desturi yao ya hati. Mauzo ya nyumba na viambo, wasia, wakfu na mikataba ya deni iliandikwa mbele ya mashahidi, na karatasi ikapewa mwenyewe, naye akaitia ndani ya kasha la mbao lenye misumari ya shaba, kasha likakaa chumba cha ndani, na ufunguo ukafungwa katika pindo la nguo ya mwenye nyumba. Kadhi aweza kuwa na sijili yake, lakini mwenye mali naye ana ushahidi wake, na siku ya ugomvi karatasi mbili huletwa zikatazamana. Bara ya Bonde la Ufa iliingia katika utawala wa karatasi kwa mlango mwingine kabisa.

Tarehe 10 Agosti 1904, pale Naivasha, Kamishna wa Himaya Sir Donald Stewart alifanya mkataba na Olonana pamoja na viongozi wengine wa Kimaasai, ambao kwao Wamaasai waliyaacha malisho ya Bonde, yakiwamo haya ya kandokando ya ziwa, wakahamia Laikipia upande wa kaskazini na nchi nyingine iliyo kusini ya reli, kwa sharti kwamba nchi hizo mbili zitakuwa zao maadamu kabila la Wamaasai lingalipo duniani. Sharti hilo halikudumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliandikwa ili waiache na Laikipia pia; na baadhi yao, Ole Njogo akiwa mbele, walipoupeleka mkataba wa kwanza mahakamani mwaka 1913 wakidai kwamba neno lililoandikwa litimizwe, walijibiwa kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na taifa la kigeni, na kwamba mahakama haikuwa na amri ya kuichunguza. Katika habari zote za Bonde la Ufa hii ndiyo ninayoiona kuwa kubwa zaidi, kwa maana watu walitia alama zao katika karatasi wakaamini kwamba karatasi ina nguvu, kisha wakafundishwa kwamba nguvu yake ni ya aliyeiandika na kuihifadhi.

Baada ya hapo nyanda zikagawanywa kuwa mashamba makubwa ya walowezi, kwanza kwa mikataba ya miaka 99 chini ya sheria ya mwaka 1902, kisha kwa ile ya miaka 999 chini ya sheria ya mwaka 1915. Upande wa Ndabibi jina lililosimama juu ya mengine lilikuwa la Gilbert Colvile, mfugaji wa ng'ombe aliyemiliki ardhi nyingi kupita kiasi cha kawaida cha walowezi wenzake. Alikufa mwaka 1966 na kaburi lake liko huko huko Ndabibi, kama lilivyo la Diana, aliyekuwa mkewe na ambaye baadaye aliolewa na Lord Delamere wa nne. Milki za mashamba hayo ziliandikwa Nairobi, na tangu mwaka 1919 kwa utaratibu uliobuniwa na Robert Torrens huko Australia ya Kusini mwaka 1858, ambao msingi wake ni kwamba ukweli wa milki umo katika sijili ya serikali, na karatasi aliyonayo mwenye shamba ni kivuli cha sijili hiyo.

Mfanyakazi wa shamba, kwa upande wake, aliandikwa kwa namna nyingine. Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kwa hiyo kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 akalazimika kuchukua kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, mshahara wake, tarehe ya kuingia kazini na tarehe ya kuachishwa. Na cheti hicho akakitia katika kikopo cha chuma akakivaa shingoni. Mskwota, aliyeruhusiwa kulima na kufuga kidogo katika shamba la mlowezi, alifungwa kwa mkataba ambao sheria ya mwaka 1918 iliutaka uwe wa siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Wazee wa Bonde wanasimulia hata leo jinsi neno moja baya lililoandikwa na tajiri katika kipande lilivyoweza kumfuata mtu kutoka shamba hadi shamba. Kipande cha namna ile kilikomeshwa mwaka 1947, walakini funzo lake halikukoma, kwa kuwa aliyekivaa alijua kwamba alichukua shingoni mwake maandishi ambayo hakuyaandika, asiyoruhusiwa kuyafuta, na ambayo nakala yake ilikuwa Nairobi.

Na huko Nairobi kwenyewe hayakuwa salama. Mwaka 1939 moto uliziteketeza ofisi za Sekretarieti pamoja na sehemu kubwa ya kumbukumbu za serikali. Kisha uhuru ulipokaribia, maofisa wa kikoloni walizichambua faili, nyingine wakazichoma moto, nyingine wakazisafirisha Uingereza kwa siri. Na jambo hili likafichwa kwa nusu karne, hata mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipokuwa wakiishitaki serikali ya Uingereza, ikakiri kwamba katika ghala la Hanslope Park zilikuwamo faili zipatazo 8,800 za makoloni 37, za Kenya zikiwa miongoni mwake. Mwezi wa Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa watu 5,228. Ushahidi uliowasaidia ulikuwa umelala Uingereza muda wote ambao wazee hao walikuwa wakizeeka. Idara ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1965 na ambayo ina kituo chake Nakuru, imefanya kazi ya kuheshimiwa kwa kile kilichobaki. Lakini hifadhi haiwezi kutunza kisichofikishwa mlangoni pake.

Sasa nifike kwenye sanduku la bati, kwa sababu hapo ndipo habari inakuwa ya Ndabibi yenyewe. Baada ya uhuru mashamba yalianza kubadilika mikono. Mengine yalichukuliwa na shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965, ambalo lilikuwa na shamba lake Ndabibi. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba, ambazo katika wilaya ya Nakuru zilikuwa nyingi na zenye wanachama maelfu, mfano wa Ngwataniro Mutukanio, na huko Maiella, jirani ya Ndabibi, Chama cha Ushirika cha Ng'ati. Mtu aliyekuwa mskwota jana alitoa senti zake, akauza mbuzi, akakopa kwa shemeji, akanunua hisa. Na kwa kila malipo akapewa risiti iliyoandikwa kwa mkono na kunakiliwa kwa kaboni. Hisa zilipotimia akapewa cheti cha hisa. Siku ya kugawana akaokota karatasi ya kura yenye namba, na namba ile ikamwelekeza kwenye kipande chake cha ardhi. Kisha akaja mpimaji. Kisha ikaja bodi ya ardhi. Kisha, baada ya miaka ambayo wengine hawakuimaliza wakiwa hai, ikaja hatimiliki.

Ukilifungua sanduku la nyumba kama hiyo, na mimi nimebahatika kufunguliwa kadhaa, utaona kwamba lina mpangilio. Juu kabisa huwa bahasha ya kaki yenye hatimiliki, ikiwa imetoka. Chini yake cheti cha hisa, aghalabu kimekunjwa mara nne hata mikunjo imekatika na kuunganishwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Kisha fungu la risiti lililofungwa kwa uzi, barua za kampuni za kuitisha mkutano, karatasi ya kura yenye namba, kitambulisho cha marehemu, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ni baba wa watoto. Naftalini huwekwa pembeni kwa ajili ya mende. Ufunguo huwa kwa mama. Sanduku lenyewe ni la fundi wa bati, la namna ile ile anayopewa mwanafunzi aendaye bwenini, na mara nyingi jina la mwanafunzi wa zamani bado husomeka kifunikoni kwa rangi nyeupe.

Kwa nini risiti ya mwaka wa sabini na kitu iwekwe, ilhali hatimiliki imetoka? Jibu limo katika sheria ile ile ya sijili. Hatimiliki humwambia mwenyewe kwamba jina lake limeandikwa. Lakini kilichoandikwa hasa kimo katika kadi ya kijani iliyo ofisini, na mwananchi huijua hali yake kwa kufanya sachi na kulipa ada. Wenyeji wa Bonde wamesikia mara nyingi, wakiwa wamesimama mbele ya dirisha la karani, kwamba faili haionekani. Na faili isipoonekana, ile risiti ya kaboni, yenye mhuri wa kampuni ambayo huenda imekwisha kufa, ndiyo inayothibitisha kwamba mtu huyu hakuanza kuidai ardhi jana. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2004, ilionyesha nchi nzima kwa kiasi gani ardhi ya umma, mashamba ya ADC yakiwamo, iligawanywa kinyume cha sheria. Hivyo aliyekuwa akiweka karatasi ndogo ndogo hakuwa mtu wa wasiwasi usio na sababu.

Ziko nyakati mbili ambazo masanduku haya yalijaribiwa vikali. Mwezi wa Oktoba 1993 watu walifukuzwa kwa mapigano kutoka Enoosupukia, katika miinuko ya Mau, wakateremka kwa maelfu wakapiga kambi Maiella. Na Desemba 1994 kambi ikavunjwa, wengine wakapakiwa katika malori usiku na kupelekwa Mkoa wa Kati, na familia kadhaa zikapewa vipande vidogo Moi Ndabi. Tena Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, watu walikimbia tena. Anayekimbia usiku huchukua mtoto, akachukua blanketi, na sanduku la bati ni zito. Nyumba iliyochomwa iliteketea pamoja na karatasi zake, na mwenyewe alipofika mbele ya maofisa akaulizwa ushahidi kwamba alikuwa akimiliki kitu pale alipofukuzwa. Tangu hapo wengi walianza kupeleka nakala kwa binti aliyeolewa mjini au kwa mchungaji wa kanisa. Yaani, kabla mtu yeyote hajaleta kompyuta, watu wa nyanda hizi walikwisha kufikia kwa akili zao kanuni kwamba hati moja lazima ikae mahali pawili.

Kompyuta zilipokuja, zilikuja kwa njia ya fotokopi na ya kibanda cha saiba. Kebo za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilishusha gharama ya intaneti, simu zenye kamera zikaenea, na hati zikaanza kupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp, ambamo zilizama kati ya salamu na matangazo ya mazishi. Serikali nayo ikahamishia huduma zake mtandaoni, ikiwamo Ardhisasa iliyozinduliwa tarehe 27 Aprili 2021 kwa ajili ya mambo ya ardhi. Mimi naunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, kwa sababu faili isiyoguswa na mkono haifichwi kwa urahisi katika mtoto wa meza. Walakini Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa na wahalifu wa mitandao na huduma zikatatizika kwa siku kadhaa. Na Mei 2024 kebo mbili za bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikaona intaneti ikizorota. Mtu aliyeziweka hati zake zote katika kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo alijikuta siku hiyo akizisubiri, hali ni zake.

Ndipo kikaingia kisanduku cha diski. Nilikishuhudia kikitayarishwa katika nyumba moja ya Ndabibi, katika chumba kilichokuwa ghala la mahindi na sasa kimekuwa ofisi ya mama mmoja anayefanya kazi za ukatibu wa vikundi na kuwaandikia majirani barua za ardhi. Kisanduku chenyewe ni kidogo, urefu wake kama shubiri moja, na kina nafasi mbili za diski. Kijana aliyekuja kukifunga alizitoa trei zake, akazikaza humo diski mbili za terabaiti nne nne kwa skrubu, akazisukuma ndani hata zikalia, akachomeka kebo ya mtandao nyuma ya rauta, kisha akakiwasha. Katika kompyuta ya mama akafungua ukurasa wa kukiongoza, akachagua diski ya pili iwe kioo cha ya kwanza, ili kila herufi iandikwayo katika moja iandikwe na katika nyingine saa ile ile. Na kazi hiyo ya kulinganisha diski ikachukua usiku kucha. Asubuhi akakipa kisanduku anwani isiyobadilika katika mtandao wa nyumba, akafungua makabrasha, kila kikundi na lake, akagawa ruhusa: katibu asome na kuandika, mweka hazina asome na kuandika hesabu tu, binti wa nyumba asome bila ya kubadilisha. Mwisho akapanga kwamba kila usiku saa nane, simu na kompyuta zitakapokuwa zimetulia, zipeleke humo nakala za kazi za siku hiyo.

Ile ndiyo sehemu rahisi. Kazi nzito ilikuwa ya kuingiza karatasi. Kila hati ililazwa juu ya kioo cha skana, ikasomwa kwa nukta 300 kwa inchi, ikapewa jina linaloanza na mwaka, likafuatwa na namba ya bloku na ya kipande, kisha jina la mwenyewe, ili atakayeitafuta miaka 20 ijayo asihitaji kumwuliza aliyeiweka. Mzee mmoja jirani, aliyeleta risiti zake katika kikopo cha kimbo, aliuliza shamba lake litakuwa wapi kisanduku kitakapozimika. Na mama akamjibu kwa heshima kwamba karatasi atarudi nayo kwake jioni ile ile, na kilichobaki humu ni sura yake tu. Mzee alikaa mpaka risiti ya mwisho ikarudishwa mkononi mwake, akazihesabu, ndipo akakubali chai.

Ili msomaji apime umbali tuliotoka, nataja kwamba diski ya kwanza iliyouzwa kwa ajili ya kompyuta, ile ya mashine ya IBM iliyoitwa RAMAC, ilitoka mwaka 1956 ikiwa na sahani 50 na uzito wa tani moja hivi, nayo ilibeba herufi milioni tano. Hati moja iliyosomwa na skana ya yule mama huchukua kadiri ya megabaiti moja. Basi mashine ile ya tani moja ingejazwa na risiti tano za yule mzee, na kisanduku cha shubiri kinaweza kupokea kurasa milioni nne. Fikra ya kuzifanya diski ndogo za bei nafuu zishirikiane na kulindana iliwekwa katika utaratibu wa kitaalamu na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, katika makala yao ya mwaka 1988, na tangu hapo ikateremka kutoka vyumba vya mabenki hata ikafika katika ghala la mahindi.

Lakini kioo si amana. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wauzaji hawalisemi. Diski mbili zilizo katika sanduku moja huokoa mtu diski moja inapokufa. Haziokoi nyumba inapoungua, mwizi anapoingia, wala mtoto anapofuta kabrasha kwa bahati mbaya, maana kioo nacho hufuta kwa utiifu ule ule. Umeme wa kukatika ghafla huweza kuharibu maandishi yaliyo katikati ya kuandikwa, na nchi nzima ilikaa gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Kwa hiyo betri ya akiba ni lazima, nayo iunganishwe kwa waya ili ikiamuru kisanduku kijizime kwa adabu kabla haijaisha. Vumbi la Ndabibi huziba feni, basi kiwekwe juu, mbali na mlango, na kipulizwe kila mwezi. Wala kisifunguliwe kuelekea intaneti pasipo haja: mwaka 2022 programu ya utekaji iitwayo Deadbolt iliingia katika maelfu ya visanduku vya namna hii duniani, ikazifunga faili na kudai fidia. Yule mama alinunua diski ya tatu, hunakili humo kila mwisho wa mwezi, nayo diski hukaa kwa dada yake Nakuru mjini. Yaani desturi ile ya kupeleka nakala mbali imeendelea, illa mzigo umekuwa mwepesi.

Sheria nayo imelipa jambo hili mahali pake. Tangu mwaka 2009 Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, mradi ziandamane na cheti cha kueleza zilivyotolewa na kuhifadhiwa. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu wengine azilinde na asizitumie kwa jambo wasiloliridhia. Katibu wa kikundi mwenye vitambulisho vya wanachama 100 katika kisanduku chake amebeba dhamana ile ile iliyobebwa zamani na mwenye daftari la hisa, na wako waliolitumia daftari hilo vibaya. Kwa hiyo nenosiri lisiwe la mtu mmoja. Katika nyumba ile liliandikwa kwenye karatasi, likatiwa katika bahasha iliyofungwa, na mweka hazina akashuhudia ilipowekwa, ili kifo kisije kikafunga kabati ambalo hapana seremala awezaye kulivunja.

Upande wa kusini mashariki ya Ndabibi mvuke wa Olkaria huonekana ukipanda, na umeme umekuwa ukizalishwa huko tangu mwaka 1981, miaka mingi kabla ya nguzo kufika katika vijiji vingi vya nchi hii. Mei 2024 kampuni ya Microsoft pamoja na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kujenga huko huko Olkaria kituo kikubwa cha kuhifadhi data, kitakachoanza na uwezo wa megawati 100. Naupokea mpango huo kwa hamu, kwa kuwa utaleta kazi na maarifa. Lakini ukaribu wa jengo hautabadilisha swali la nani mwenye ufunguo. Taarikh ya nyanda hizi imekwisha kuonyesha, tangu Agosti 1904, kwamba karatasi yaweza kuandikwa karibu na ziwa na bado ikawa mbali na wenye nchi.

Kilicho cha haraka zaidi kwa sasa ni wino. Risiti za kaboni za miaka ya sabini zimeanza kupauka, na zile mpya zinazochapwa na mashine za joto hupauka upesi kuliko hizo; na madaftari ya wanachama yana majina yanayofanana, Wanjiku wa pili na Kamau wa tatu, ambayo ni wazee wachache tu wanaoweza kusema yalikuwa ya nani, aliingia na nani, na hisa yake alimwachia mtoto yupi. Kwa hiyo pale Ndabibi utaratibu uliokubaliwa ni kwamba daftari linaposomwa na skana, mzee mmoja wa chama aketi kando, jina lisomwe kwa sauti, naye aeleze, na maelezo yake yaandikwe chini ya sura ya ukurasa na kuhifadhiwa pamoja nayo. Wameanza na kurasa za mwanzo wa daftari, kwa sababu hao ndio walionunua kwanza na ndio wanaozidi kupungua.